Karafuu Zinakwenda Wapi?

Mwaka 1971 nilikuwa na miaka kumi na vidole vyangu vilikuwa vyeusi kwa makonyo. Mpemba hahitaji kuelezwa, lakini kwa wengine: karafuu huchumwa kwa vishada kabla hazijachanua, zinapoanza kupiga wekundu. Wanaume wanapanda, wanateremsha mapakacha, na sisi watoto na wanawake tunakaa jamvini tunachambua. Unashika kishada, unakisugua kiganjani, karafuu zinadondoka, konyo linabaki. Siku ya kwanza unafurahi. Siku ya tatu unaomba skuli ifunguliwe, maana msimu ukipamba moto skuli zilifungwa ili nasi tuingie mashamba.

Shamba la babu lilikuwa Mtambwe, ng'ambo ya bandari ya Wete. Siku moja jioni, jamvi limejaa, nilimuuliza:

"Babu, karafuu zote hizi zinakwenda wapi?"

"Java."

"Wanapikia pilau?"

"Wanazivuta."

Nikadhani ananifanyia mzaha. Babu alikuwa mtu wa tambuu, sigara hakuitia mdomoni maisha yake yote, na hakuwa mtu wa mizaha pia. Akaniambia tena, taratibu, kama mtu anayesoma dua: watu wa Java wanazikata karafuu vipande vipande, wanazichanganya na tumbaku, wanatia moto, wanavuta. Jasho letu lote lile, miguu ile inayoteleza mitini, inamalizikia moshi. Usiku ule sikulala vizuri. Nilitaka kumwona mtu anayevuta karafuu.

Jambo jingine la utotoni nitalieleza sasa, kwa sababu lilinirudia baadaye mbali sana. Karafuu iliyo juani ikirowa huharibika rangi, hufanya ukungu, na bei inaanguka. Kwa hiyo wingu likitanda tu, mtu mmoja hupiga ukelele: "Anuaaa!" Hapo hakuna salamu wala hodi. Kila aliye karibu anakimbia. Babu alikuwa na jirani ambaye tangu mambo ya mpaka wa shamba hawakuwa wakisemezana. Ukelele ukipigwa, jirani huyo alikuja mbio, akakunja pembe mbili za jamvi, babu akakunja mbili, wakalibeba pamoja mpaka ukumbini. Kisha anaondoka zake bila ya kusema neno. Kesho yake hawasemezani vilevile.

Skuli ilipofunguliwa niliitafuta Java, kisiwa cha Indonesia, kwenye ramani ya ukutani. Kutoka Pemba, kidonge cha kijani kisichozidi punje ya mtama, mpaka Java, ni viganja vyangu viwili vya bahari tupu. Nadhani ndipo nilipokuwa mwalimu wa jiografia, ingawa cheti nilikipata miaka mingi baadaye.

Babu, lakini, hakuniambia ukweli wote. Zilikuwapo karafuu zilizokwenda Shimoni, Kenya, usiku, kwenye mashua zisizowasha taa. Neno magendo watu wazima walilitaja kwa kunong'ona, na nilipokua nikajua kwa nini: adhabu zake hazikuwa za mchezo. Basi hata kabla sijavuka maji yoyote nilijua kwamba nchi ina milango miwili, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku.

Mimi nilipita wa mchana. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977, ukafunguliwa tena mwishoni mwa 1983, na mwaka uliofuata, mwalimu mpya mwenye mshahara mdogo na viatu vipya, nikavuka kwa mashua mpaka Tanga, nikapanda basi mpaka Horohoro, nikagongewa mhuri wa kwanza wa maisha yangu. Mombasa nilifikia Mji wa Kale kwa rafiki wa mama. Asubuhi ya kwanza yule bibi alikuwa jikoni na mahamri yake, akaniita: "Ndoo!" Nikatazama huku na huku, nikaiona ndoo pembeni ya mlango, nikaiteka maji, nikampelekea. Akaitazama ndoo, akanitazama mimi. Alicheka mpaka akakaa chini. Kwao ndoo ni njoo. Siku kumi nilizokaa pale nyumba nzima iliniita kwa kunionyesha ndoo.

Huo ndio ugeni ninaoupenda zaidi, wa kupotea ndani ya lugha yako mwenyewe.

Watu huniuliza fedha za safari nazitoa wapi, na wengine huuliza kwa jicho la pembeni. Kibati. Walimu kumi na wawili, kila mwezi tunachanga, zamu inazunguka. Zamu ikiwafikia wenzangu wananunua makabati, sofa, friji. Mimi naifungia. Baada ya zamu tatu nne inakuwa nauli. Mume wangu ni mtu mwema ambaye safari ya Wete mpaka Mtambwe inatosha kumtapisha, na tulikubaliana mapema: yeye hatanizuia kwenda, mimi sitamlazimisha kuja. Majirani waliposema, "Mwanamke gani huyu kila mara yuko uwanja wa ndege?" yeye aliwajibu kwamba akibaki peke yake anakula samaki anavyotaka, bila ya kuambiwa chumvi nyingi.

Uingereza nilipelekwa kwa mafunzo, wiki tatu, Januari 1998, mji wa Leeds. Sina mengi ya kusema. Watu walikuwa wema, mvua ilikuwa nyembamba na haina radi, na jua lilituchezea: Magharibi inaingia saa kumi na dakika chache, wakati nyumbani ndio kwanza watu wanatoka kulala mchana. Nilikuwa nasali Adhuhuri, nageuka nafunga zipu ya koti, Alasiri imefika. Nilikuwa nimewafundisha watoto mhimili wa dunia na misimu kwa chungwa na mshumaa kwa zaidi ya miaka kumi, na sikuwa nimeyaamini maneno yangu mwenyewe mpaka nilipoyasimamia pale kituo cha basi, giza totoro, watu wanatoka kazini.

Muscat ni habari nyingine.

Ami yangu aliondoka Pemba mwaka 1964, mwezi wa pili baada ya Mapinduzi, kwa mashua mpaka Mombasa. Kutoka hapo akaenda Dubai, kisha Sultan Qaboos aliposhika nchi ya Oman mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliotawanyika, akahamia Muscat. Nilimjua kwa barua na kwa picha moja aliyosimama kando ya gari. Mwaka 2003 kibati kilinifikisha kwake. Ilikuwa Juni, na wanaoijua Oman watanihurumia. Nilishuka uwanja wa ndege nimekipanga mdomoni Kiarabu changu chote cha chuoni, nikafungua mlango wa teksi, moto ukanipiga usoni, nikaguna, "Yarabi, joto gani hili!" Dereva, kanzu nyeupe na kofia yake ya Kimanga, akanijibu bila ya kugeuka: "Hili bado, dada. Ngoja Julai." Alizaliwa Vitongoji, Pemba.

Ami alikuwa anakaa Seeb, mzee, macho yamefifia, amelazwa kwenye chumba ambacho kiyoyozi chake kilivuma kama mashine ya mashua. Hakuniuliza mambo ya siasa wala nani kafa. Baada ya salamu, ambazo Oman ni ndefu kama zetu, akauliza:

"Ule mwembe boribo wa kisimani upo?"

Mwembe ule ulianguka kwa masika moja, mimi tayari nafundisha. Mbao zake zilitengenezewa madawati, nami nimelikalia moja.

"Upo, Ami."

"Unazaa?"

"Unazaa sana. Mwaka huu tumegawa mpaka tumechoka."

Akatabasamu, akafumba macho. "Niliupanda mimi ule."

Baadaye binti yake aliniita jikoni, akanimiminia kahawa ya iliki, akanikatia halua, akasema kwa sauti ya chini: "Ahsante. Kila mgeni wa Pemba anamwuliza, na kila mgeni anamwambia upo. Tunajua siku nyingi kwamba umeanguka." Tangu hapo nina maoni yangu kuhusu ukweli na wasafiri. Msafiri anabeba habari kama anavyobeba mizigo, na si kila mzigo unafunguliwa mbele ya mgonjwa.

Siku ya pili Ami akanilaumu: "Umetoka Pemba mikono mitupu? Karafuu huna?" Soko la Mutrah lilikuwa limejaa karafuu, magunia wazi, mtu ananunua anavyotaka. Hazikumfaa. Nikapekua mkoba wangu, kwenye mfuko wa viungo vya pilau alioufunga mama nikaokota karafuu saba, nyingine vichwa vimekatika. Akazifunga kwenye ncha ya leso yake, akazinusa, akaziweka chini ya mto. Mwanawe aliniambia alifariki mwaka 2006 leso ikiwa palepale.

Nilizunguka pia, nisije nikaonekana nilikaa chumbani tu. Nilikwenda Nizwa Ijumaa asubuhi, kwenye mnada ambao mbuzi wanazungushwa mduara na wanunuzi wamechuchumaa pembeni wanawapapasa mbavu wakipita. Niliona mifereji ya zamani inayoitwa aflaji, inayoteremsha maji kutoka milimani na kugawiwa mashambani kwa zamu ya saa. Mkulima mmoja alinionyesha zamu yake ilivyokuwa ikipimwa zamani kwa kivuli cha kijiti. Lakini mtu akiniuliza Oman nakumbuka nini, nakumbuka leso.

Ndipo ilipoanza desturi yangu. Sisafiri bila ya karafuu za shamba letu, gao moja, zimefungwa kwenye ncha ya leso. Mwaka 2009 kikundi chetu cha umra kilipitishwa Istanbul siku tatu. Wenzangu walikimbilia mazulia. Mimi nilikwenda kwenye soko la viungo karibu na Eminönü, nikafungua leso mbele ya muuzaji mmoja mwenye masharubu. Akanusa, akapiga kelele: "Karanfil!" Nami nikapiga kelele: "Karafuu!" Tukabaki tunarushiana neno hilo kama watoto wanaorushiana mpira, kila mmoja akidhani mwenzake analitamka vibaya. Kwao neno hilohilo ni jina la ua pia, na kabla sijaondoka alikuwa amenichorea ua lenyewe nyuma ya risiti. Jioni nikapanda feri ya kwenda Üsküdar, chai kwenye kigilasi chenye kiuno, shakwe wanafuata meli wakidaka vipande vya mkate wanavyorushiwa na abiria. Meli haikutikisika hata kidogo. Hiyo ndiyo bahari pekee niliyotamani mume wangu angekuwapo.

Nilistaafu kwa hiari mwaka 2016. Kiinua mgongo kilipotoka kulikuwa na kikao nyumbani, na hoja ya wengi ilikuwa bati, kwa sababu paa letu kwa kweli lilikuwa linavuja. Nikasema nusu bati, nusu Java. Mume wangu alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Tangu nimekuoa nasikia Java, Java. Nenda ukaione tulale." Nikaenda mwaka 2017 na binti yangu, ambaye ndiye aliyejua kupanga tiketi na vyumba kwa simu. Mimi kazi yangu ilikuwa kushangaa.

Basi lilitutoa Semarang mpaka mji wa Kudus, safari ya zaidi ya saa moja kidogo. Kudus ndio mji uliozaa sigara ya karafuu, mwishoni mwa karne ya 19. Wenyewe wanaiita kretek, na jina hilo ni mlio: karafuu ikishika moto ndani ya sigara inalia tiki-tiki-tiki, kama moto wa makuti mabichi. Mji wenyewe unanuka siku ya Idi nyumbani kwetu. Kabla sijaona lolote pua ilikwishaniambia nimefika. Kuna msikiti mkongwe wa karne ya 16 ambao mnara wake ni wa matofali mekundu, umejengwa kama hekalu la Kihindu, na mpaka leo wenyeji wa Kudus hawachinji ng'ombe, wanakula nyati wa kufuga, kwa kulinda heshima ya majirani wa zamani ambao ng'ombe kwao alikuwa mtukufu. Majirani wale karibu wote wamekwisha kusilimu karne kadhaa zilizopita. Heshima imebaki. Nilikula supu ya nyati yule mara mbili.

Tuliruhusiwa kuchungulia mahali ambapo wanawake wanasokota sigara kwa mkono. Ukumbi mrefu, mamia yao, wawili wawili: mmoja anasokota kwa kijimashine cha mbao, mwenzake anakata ncha kwa mkasi. Vidole havionekani. Nilisimama pale nikitazama karafuu zilizokatwakatwa ndani ya trei, karibu theluthi ya mchanganyiko ni hizo, na nikamkumbuka babu, wala sikujua nifurahi au nilie. Nimewafundisha watoto miaka thelathini kwamba sigara ni sumu. Na sare yangu ya kwanza ya skuli ilinunuliwa kwa sigara hizi.

Nilimwuliza mwenyeji wetu, mwalimu mstaafu kama mimi, karafuu hizi zinatoka wapi siku hizi. Akanijibu kwa fahari: zetu wenyewe. Walipanda kwa wingi, na kufikia miaka ya 1980 wakajitosheleza. Nikakaa kimya. Miaka hiyohiyo ndiyo karafuu ilipoporomoka kwetu, wazee wanakaa barazani na mapolo yamejaa, wanalaumu huyu na yule, wengine wakaiacha mikarafuu yao ikasongwa na magugu. Babu alifariki akiamini kuna mtu mahali fulani kamdhulumu. Na mtu huyo sasa nilikuwa nakunywa naye chai, na hakuwa na kosa lolote ila kupanda miti.

Kwenye chai ile ndipo tulipogundua maneno. Unawasalimia kwa kuuliza *apa kabar*, na hiyo kabar ni habari yetu. Meza wanaiita meja. Bendera ni bendera, haikubadilika hata herufi, Mreno aliiacha kwao na akaiacha kwetu. Dunia ni dunia, riziki ni rezeki, sabuni ni sabun. Binti yangu alianza kuandika orodha, akachoka.

Lakini Java si kwao kwa karafuu. Hilo nililijua vitabuni. Asili yake ni visiwa vidogo vya Maluku, mbali mashariki, na Ternate ni kimojawapo. Kutoka Jakarta ni karibu saa nne za ndege tena. Kisiwa chenyewe ni mlima wa volkano, Gamalama, uliosimama baharini wenye urefu wa zaidi ya mita 1,700, na watu wamekaa kwenye pindo lake. Mbele yake kuna Tidore, kilichochongoka vilevile, na noti yao ya zamani ya rupia 1,000 ina picha ya Tidore hicho na kisiwa kidogo cha jirani, Maitara. Ternate ilinipa raha moja ya ajabu. Iko mbele ya Pemba kwa saa sita kamili, na sisi Waswahili tunahesabu saa kwa kurudi nyuma sita. Kwa hiyo saa ya ukutani ya nyumba tuliyofikia ilipoonyesha kumi na moja, wenyewe wakijiandaa kupika chakula cha mchana, Wete ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, mume wangu anatia udhu. Wiki nzima niliisoma saa ya kigeni nikapata saa ya nyumbani. Sijawahi kuwa mbali zaidi ya hapo, na sijawahi kuwa na uhakika zaidi wa nyumbani wanafanya nini.

Na matunda! Shokishoki, doriani, fenesi, shelisheli, yote yamejipanga barabarani. Nilimwambia mwenyeji wetu kwamba haya ni matunda ya kwetu, akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemsikia mtoto akidai mwezi ni wa nyumbani kwao. Walitulisha uji mzito wa sago unaovutika kama gundi, unasokotwa kwa vijiti viwili na kutupwa ndani ya mchuzi wa samaki wa manjano. Mimi niliumeza, binti yangu ulimshinda. Usiku tukanywa maji ya tangawizi yenye sukari ya mnazi na kokwa zilizokatwa, na hapo hakuna aliyelalamika.

Mlimani kuna mikarafuu mikongwe inayoitwa Afo, ambayo umri wake wanauhesabu kwa mamia ya miaka. Tulipanda asubuhi na kijana wa kijijini. Karne ya 17 kampuni ya Kiholanzi ilitaka karafuu zote ziwe zake, ikafanya mkataba na Sultani wa Ternate mwaka 1652, ikawa inang'oa mikarafuu visiwani ili iote kule tu inakotaka yenyewe. Mikongwe ile inasimuliwa kuwa ilinusurika kwa kujificha msituni. Hata hivyo mbegu zilivuka: mwaka 1770 Wafaransa walitorosha miche mpaka Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Unguja. Wakasema watu wa zamani, magendo hayana mwanzo. Kisha kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ndiyo ikawa nchi ya karafuu. Wengi walioipanda na kuichuma siku hizo walikuwa watumwa, na hilo nalo ni la shamba letu, babu hakulisema nami sikumwuliza. Niliweka kiganja kwenye gome la mti mmoja wa Afo. Ni gome la mkarafuu, basi. Siafu walinipanda mkononi kama wanavyonipanda Mtambwe.

Tulipokuwa tunateremka, kwenye kijiji cha kwanza, karafuu zilikuwa zimeanikwa kando ya barabara. Turubai la buluu badala ya jamvi. Mwanamke mmoja mtu mzima, kitambaa kichwani, amekaa pembeni na kilima cha vishada vibichi, anachambua. Anashika, anasugua kiganjani, zinadondoka. Sikumsemesha, lugha sikuwa nayo. Nilikaa chini upande wa pili wa kilima, nikachukua kishada. Alinitazama mikono, si uso. Baada ya vishada vitatu vinne akaacha kunitazama, akaendelea na kazi yake, na akawa anazungumza, maneno mengi, kwa mimi au kwa karafuu, sijui.

Binti yangu akasema, "Mama, wingu."

Gamalama ulikuwa umefunikwa. Upepo ukaja na ule ubaridi ambao kila mtoto wa shamba anaujua, na kabla yule bibi hajanyanyuka mimi nilikuwa nimekwisha kushika pembe mbili za turubai, nikapiga ukelele, kwa sauti ambayo binti yangu hakuwahi kuisikia kwangu: "Anuaaa!" Wakatoka watu majumbani. Mwanamume mmoja na sahani yake ya wali mkononi, watoto, msichana mwenye simu. Hakuna aliyeniuliza wewe nani. Tukalikunja, tukalibeba, matone ya kwanza yakatukuta tunaingiza nyayo ukumbini.

Mvua ikashuka. Tulikaa barazani, tumerowa mabega, yule bibi na mimi ubavu kwa ubavu. Akamwuliza kijana wetu natoka wapi, akajibiwa Afrika, akatikisa kichwa kama aliyeambiwa jambo lisilomsaidia kitu. Nikafungua ncha ya leso. Karafuu za Mtambwe zilikuwa zimekauka zaidi ya zake, nyeusi kidogo. Akachukua moja, akaivunja kwa kucha, akasikiliza mlio, akaitia mdomoni, akatafuna kwa meno ya mbele huku anatazama mvua.

"Sama," akasema.

Nikadhani amesema sawa. Kijana akanieleza kwamba sama, kwa lugha yao, ni ileile. Bibi akanyoosha mkono, akachukua nyingine.